Mistari Inayokatika Yenyewe

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla mwanangu hajanipeleka kwa daktari wa akili. Marehemu mume wangu, mwalimu wa hesabu, alinisimulia kitabu cha maisha yake mapafu yakiwa yameshachoka, nami nikakiandika kwenye kompyuta, na kila alipokatika pumzi nilibonyeza kitufe cha kushuka mstari, basi mistari ya mwanzo ni mirefu na ya mwisho ina neno moja moja, na sasa mchapaji anataka aya zilizoungana, anazingoja Ijumaa, nami nikaiamuru kompyuta iziunganishe, zikajaa vizuri mpaka ukingoni, nikahifadhi, lakini kesho yake nikazikuta zimekatika palepale, mara nne sasa, na jana ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari mitupu mitatu ambayo sikuiweka. Mwanangu anasema, "Mama, kompyuta haina mapafu." Wifi yangu anacheka, "Kaka alikuwa mbishi tangu zamani!" Mimi sicheki, maana kila ninapounganisha nahisi ninamziba pumzi kwa mkono wangu, na nikiacha, kitabu hakitoki, nacho ndicho kitu pekee alichoniomba.

Mke wa Mwalimu

Pole sana, dada yangu. Tulia nikueleze. Mstari huisha kwa namna mbili: kompyuta huukunja ukifika ukingoni, au mtu huukata. Mkunjo huhama upana ukibadilika; mkato hukaa ulipowekwa, na hauwekwi ila kwa kidole. Chako kilifuata pumzi za mgonjwa miezi mingi; ukiyasoma maneno yake, huenda kinafuata tena bila kukuaga. Na mwanao je? Huenda naye alizisikia pumzi hizo kutoka chumba cha pili, na ndiye anayekata. Muulize, bila ukali.

Lakini wewe nawe! Mtu kakuachia kazi, unakaa kulinda nafasi tupu? Kumaliza kazi ya marehemu si kumuua mara ya pili. Nakili faili. La asili lifunge, usiliguse tena. Nakala iunganishe, ila ukurasa wa mwisho uache ulivyo, pamoja na mistari yake mitupu. Ipeleke Alhamisi, usingoje Ijumaa.

Sitakuficha jambo moja. Barua yako ilitufikia hapa gazetini mistari yake imekatika vipande vipande. Mpangaji wetu wa kurasa aliiunganisha. Asubuhi akaikuta imekatika tena, naye hana mgonjwa nyumbani. Basi tukaisoma kwa sauti, tukitua kila ilipokatika, hadi mwisho. Ndipo tukaiunganisha, na haijakatika tangu hapo.

Nawe msomee mumeo kitabu chake hivyo kwanza.