Kosa la "Tuliona"

Mwenzangu, uko? Usinipigie, nitalia. Soma tu.

Nimetoka kutetea tasnifu sasa hivi. Wameniweka kitimoto kwa neno moja. MOJA!

Unaikumbuka ile sura ya tasnifu kuhusu bibi mganga? Niliandika, "Tuliona pepo akimpanda mgonjwa." Profesa mtahini akavua miwani: "TU-liona? Wewe na nani? Msomi huandika 'walidai kuona'."

Nikamwambia niliishi nao, nikala nao, nikauguza nao.

Akasema, "Sasa tukikupa shahada, tukuite daktari au mganga?"

Daktari au mganga!! Chumba kizima kikaangua kicheko. Na unajua nani alicheka kuliko wote? Msimamizi wangu. Yeye huyohuyo aliyeisoma sura ile akaniandikia "safi sana" pembeni. Alicheka mpaka akafuta machozi. Hakunitazama hata kidogo.

Nikatoka, nikajibanza kwenye ngazi, nikampigia bibi mwenyewe. Nilitaka angalau yeye awe upande wangu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu, kwa upole kabisa: "Mjukuu wangu, hao hawajakosea. Sisi ndio tulioona. Wewe ulikuwa unaandika."

Ulikuwa unaandika!

Yaani wasomi wameikataa ile "tu" yangu, na bibi naye kaikataa. Bado niko hapa ngazini. Watu wanapita na vikombe vyao vya chai, wananiruka miguu.

Nimebaki mimi tu.