Jibu la Sifa Dorée Halitoki Kwangu

Jumatano. Mvua imeanza alfajiri na haijui kuacha. Matope ya Kadutu yamefika mpaka kwenye kizingiti chetu, maman amenikataza kuvaa bote zake za mvua, na mimi niko na hasira. Hasira nzuri, ile ya kuandikia.

Wasomaji wa blogu hii, munanitukana tangu juzi. Nimesoma yote. Wewe uliyeandika eti nilifungwa mudomo na chupa moja ya bia, nikujibu: mimi sinywi bia, na chupa moja haitoshi kufunga mudomo kama huu wangu.

Kwa mugeni aliyeingia leo, nieleze haraka. Mimi njo yule anayehoji nyota wa muziki wa Bukavu, na hakuna anayeniweza. Wenye diplome wanawapeleka nyota Ibanda, kwenye hoteli za kando ya ziwa, wanakaa kwenye viti vya ngozi, wanauliza, "Projet yako ijayo ni gani?" Nyota anajibu kama mutoto wa shule anayesoma récitation. Mimi niliacha masomo troisième secondaire, mwaka wa tatu tu, lakini nilivumbua kitu ambacho hawakufundishwa: ninamuhoji mutu akiwa anasukwa nywele. Masaa manne kwenye kiti, kichwa kiko mu mikono ya mususi. Hawezi kusimama, hawezi kujidai. Anavutwa nywele mpaka ukweli unatoka wenyewe.

Jumamosi ilikuwa zamu ya Sifa Dorée, yule dada mwenye sauti ya kwaya aliyeachana na kwaya. Niliwaahidi humu humu: leteni maswali, lile litakalopata pouces nyingi, vile vidole gumba vyenu vya kupenda, nitamuuliza, hata anipige kofi. Mukachagua nini? Si nyimbo. Si jukwaa. Mukachagua: "Baba ya mutoto wake ni nani?"

Nikauliza. Anayesema sikuuliza anadanganya.

Maman Chantal, mwenye saloni, akasimamisha kitana hewani.

"We mutoto, maman yako anajua kama unakulaka mukate na maswali ya namna hii?"

"Maman, si mimi. Ni wasomaji."

"Wasomaji njo walikuzaa?"

Wamaman wakacheka. Sifa hakucheka. Aliniangalia mu kioo, kichwa kimeinamishwa upande, akasema, "Mwache, Maman. Yeye angalau ananiuliza usoni." Kisha akajibu. Jina, na namna ilivyokuwa, tangu mwanzo mpaka mwisho, pole pole, kama mutu anayepanga nguo zilizokauka. Simu yangu ilikuwa inarekodi.

Hakuna aliyeniambia nisiandike. Sifa mwenyewe, mulangoni, nywele mupya zinang'aa, aliniambia tu, "Petit, mwandishi ni wewe. Utaona."

Hiyo "utaona" nimeibeba siku nne.

Sasa ungamo, musinifanye mutakatifu bure. Jumapili niliandika yote. Kichwa cha habari kilikuwa tayari, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutunga, na kidole kilikuwa juu ya kitufe. Sikubonyeza. Si kwa wema. Niliogopa: mwenye lile jina ni mutu mukubwa, mikono yake inafika mbali. Nikaondoa jibu lake, Jumatatu nikachapisha yaliyobaki, nikajiambia mutakula mboga bila kuuliza nyama ilienda wapi.

Muliuliza. Na mulikuwa na haki. Niliahidi, kisha nikakata kimya kimya. Hilo kosa ni langu, ninalikubali mara moja, musiombe mara ya pili.

Jana Patou, rafiki yangu anayepiga picha za blogu hii, alikuja amelowa, simu mukononi.

"Grand, watu wanatoka. Wanahamia kwa yule mwenye blogu mwingine wa Nguba."

"Waende. Njia ni ya Mungu."

"Tupia ile audio. Dakika tatu tu! Kesho wanarudi wote, na wanaleta mashemeji."

"Na mutoto?"

"Mutoto gani?"

"Wa Sifa."

"Aah! Iko na miaka sita. Atasoma blogu yako?"

Nikakosa jibu. Mimi, kukosa jibu! Kwa kweli kidogo tu anishinde. Nilishika simu, nikafungua, na commentaire iliyokuwa juu kabisa ilikuwa ya mutu asiyeweka uso wake, ameweka picha ya maua. Ameandika: "Mutoto bila baba hana siri, ni wa wote." Amepata pouces nyingi kuliko makala yangu yenyewe.

Bwana Maua, sikiliza.

Mimi nilikuwa mutoto huyo. Mu cinquième primaire, darasa la tano, mwalimu alisoma fiche zetu za shule kwa sauti: jina lako, jina la baba. Yangu, mahali pa baba, ilikuwa na kamustari tu. Akasimama juu ya kale kamustari, akauliza darasa, "Nani anajua?" Darasa zima lilijua. Mumoja akataja muuza makaa, mwingine akataja askari, mwingine akataja mpaka muchungaji. Nikacheka pamoja nao. Siku ile njo nilijifunza kuchekesha watu, na ninyi munasemaka nilizaliwa na kipaji.

Kwa hiyo, Patou, jibu lako limepatikana, limechelewa siku moja: mutoto wa Sifa hatahitaji kusoma blogu yangu. Darasa litamusomea.

Na kuna kingine, nakiandika haraka kabla sijabadilisha mawazo. Jumamosi, mu saloni, niliuliza kwa sauti ya yule mwalimu. Ileile. Nimeisikia leo tu, mvua ikipiga mabati juu ya kichwa changu.

Muchana huu nimemuita Patou akae karibu, aone kwa macho yake. Nikafungua audio. Nikaifuta. Nikaingia mu poubelle ya simu, kule vinakotupwa vilivyofutwa, nikaifuta na kule. Akashika kichwa.

"Hata kopi moja hukuweka?"

"Hata moja."

"Uko mwendawazimu."

"Basi nipige picha. Upande wa kushoto, njo muzuri."

Basi musikie vizuri. Jumapili nilinyamaza kwa woga. Leo ninanyamaza na kifua mbele. Maswali ya nyimbo, ya ugomvi, ya wigi, ya kwaya na sababu ya kutoka kwaya, leteni yote, nitayauliza bila haya. Lile la baba ya mutoto silirudii, hata muweke pouces kama mawe ya barabara ya Kavumu. Anayelitaka sana aende kwa Maman Chantal, akae mbele ya kioo, amuulize Sifa mwenyewe, wote wakimuangalia. Tuone kama Bwana Maua ataleta uso wake.

Wanaotoka, watoke. Kwangu jibu limebaki mu kichwa peke yake. Na hiki kichwa walimu walikipiga fimbo miaka tisa ili kitoe majibu.

Hakikutoa.