Mboga Zikiwa Nzima

Jumatatu, 4 Machi
Aibu ya mwaka. Siku ya kwanza kwenye mizani ya matunda na mboga, mama mmoja kanipa stafeli — nikabandika stika ya fenesi. Alicheka mpaka akashika mbavu. Eti, nimelelewa mwezini? Supavaiza hakucheka. Ijumaa atanipima: ananyanyua kitu, nakitaja. Nikishindwa, nirudishe aproni. Na nyumbani kwa sasa mwenye kazi ni mimi tu.

Lakini ujinga wangu una sababu. Baba alikuwa mpishi wa bweni, na hata jikoni kwetu hakuna aliyegusa kisu chake. Nimekula kila kitu — kikiwa kimeshakatwa. Bamia naijua vizuri sana, ikiwa vipande.

Jumanne, 5 Machi
Dukani wametugawia vilivyochubuka. Nimevimwaga mezani mbele ya Baba. Tangu kiharusi, maneno yamemkimbia. Akitaka chai anasema "kile, kile", halafu anakasirika na kugeukia ukutani. Nilidhani nitamsumbua bure. Wapi! Kashika tangawizi kwa mkono wa kushoto, kanusa, kaitenga na manjano bila hata kuangalia. Jina — hakuna.

Yeye anavijua vyote, majina hana. Mimi majina ninayo, wenyewe siwajui. Nikacheka. Naye akacheka, kwa upande mmoja wa mdomo. Nilikuwa nimemkosa sana huyu mtu.

Jumatano, 6 Machi
Tumepata mtindo wetu. Kitunguu: anafuta macho. Ndimu: anakunja uso. Limau: anakunja uso, halafu anakoroga chai isiyokuwepo. Nyanya chungu: kaninyooshea kidole, kisha kajifanya anatema chini ya meza. Kumbe utotoni alikuwa ananiona, na akaninyamazia miaka yote hiyo.

Alhamisi, 7 Machi
Hoi. Topetope imenishinda tena. Baba kanigonga nayo kichwani, taratibu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimebaki kazini! Supavaiza ananyanyua, mimi nataja. Kwenye ndimu nilikunja uso kwanza, akaniuliza kama naumwa. Nyanya chungu — nusura niteme mate kaunta nzima. Bitiruti nikaiita figili, akaguna. Mwisho kasema nichukue aproni safi, hii imechakaa.

Nilipomwambia Baba, alinishika shavu akaliachia baadaye sana.

Jumamosi, 9 Machi
Mtaalamu wa matamshi amekuja kumwona. Amefurahi kumkuta mezani, si kitandani. Ila mimi amenisema: kila Baba akitafuta neno, nawahi kumsemea. Niache. Nimngoje, hata kama naumia kumwona. Naumia kweli, jamani.

Alipoondoka, Baba kapekua mwenyewe mfuko niliokuja nao kutoka dukani. Katoa kitu cha zambarau iliyokolea, kinang'aa, kina kikonyo cha kijani. Kakipakata kama mtoto. Nikadhani ananitahini, nikafungua mdomo. Akatikisa kichwa. Kajigonga kifuani — yeye.

"Bi," kasema.

Kakikazia macho.

Nimechukua kalamu ili mdomo wangu upate shughuli. Nimekaa mbele yake hapa hapa, naandika. Pua inamtoka jasho. Ni biringanya. Nimeijua ikiwa bado mfukoni, kikonyo tu kinaonekana. Angenisifu. Lakini sisemi.

"Biri." Kafumba macho. Kidole gumba kinaipapasa, kinarudi, kinapapasa tena. Sisemi, Baba. Nipo.

Kameza mate. Anaanza upya.