Nyuso za Chumba cha Baridi

3 Machi

Mama, shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila mikono inanuka dawa hata nikila.

Nimepewa kazi nyingine palepale hospitalini. Mpiga picha wa chumba cha maiti ameacha. Mkuu wetu akanikuta napiga deki, akasema, "Wewe huogopi. Shika kamera." Napiga picha za maiti wasio na wenyewe, zinabandikwa ubaoni ili ndugu wawatambue. Usimwambie shangazi, atanitangaza mtaa mzima.

Kitindamimba wako

19 Machi

Marahaba, mwanangu. Goti linanikumbusha umri tu. Ila kamera na maiti! Hukuona haja ya kuniuliza? Nenda kaombe wakurudishie ndoo yako.

Mama yako

7 Juni

Shikamoo, Mama. Nisamehe kwa ukimya. Ndoo siitaki tena.

Picha zangu za mwanzo zilitisha. Taa ya darini iliwachimba mashavu, watu wakapita ubaoni wakigeuza nyuso. Nikaanza kusogeza kitanda dirishani, nikawachana nywele, nikatundika shuka jeupe lirudishe mwanga. Jumamosi akaja fundi cherehani, mwezi wa pili anamtafuta mkewe. Picha ya kwanza ya mkewe aliipita mara mbili bila kumjua. Kwa hii niliyoirudia, akasimama mbele yake.

"Ndiye," akasema. "Ananingoja nimalize kuongea."

Nililia chooni, Mama. Tangu siku hiyo nikiona mwanga umeangukia uso wa mtu, kwenye foleni, kwa kinyozi, vidole vinaniwasha. Nimejipatia kamera kuukuu, yangu mwenyewe. Kila Jumapili natembea nayo mpaka soli zinalia.

Ila maiti wangu wananifuata. Jana dukani nilimwona mwanamume niliyempiga picha Jumanne, anachagua mkate. Nilimfuata hadi kona. Alikuwa mtu mwingine.

Kitindamimba wako

22 Juni

Mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikashindwa kukaa. Omba ruhusa, uje unipige picha mimi. Upate kuona uso unaojibu.

Mama yako

30 Agosti

Mwanangu, hujambo? Nafurahi ulifika salama. Huku wote wazima.

Picha ulizonipiga zimefika, ishirini na moja. Nzuri mno, sikujua nina shingo ile. Nimezipanga kitandani nizitazame moja moja. Ulikuwa ukiniambia, "Tulia, Mama," nami natulia, nawe unangoja, unangoja, ndipo unabonyeza.

Katika zote nimefumba macho.

Jirani kaingia, kaokota moja, kauliza kwa sauti ya chini, "Pole. Huyu alikuwa nani wako?"

Sikukasirika. Niliogopa, lakini si kwa ajili yangu. Kamera usiiache, mkono unao. Rudi tu Jumapili yoyote. Nitakaa uani, nitaongea mwanzo hadi mwisho, nitakusema, nitamsengenya shangazi yako, nitapiga chafya. Wewe piga humo humo. Usiningoje nitulie.

Mama yako