Fishi ya Falonne

Yaya Mwamini, mukubwa wangu,

Salamu kwako na kwa mama hapo Kasongo. Huku Kolwezi mvua imeanza, vumbi yote imekuwa matope. Nimezala binti juma iliyopita, na iko muzima.

Uliuliza kama balinipokea muzuri ku maternité, kule banazalishia. Usinichekeshe! Ule mama infirmière, muuguzi wa pale, na perruque yake, nywele ya bandia ya kupinda, alisema bakuyakuya, bantu ba kutoka mbali sawa sisi, habawezi kufunguliwa fishi, ile karatasi ya kupimiwa mimba, bila barua ya chefu wa kartié, mukubwa wa mutaa. Chefu naye akasema mahema yetu ya bachimbaji haiko kartié. Basi jirani yetu Falonne, ambaye mimba yake ilitoka, akaniazima fishi yake. Miezi mine mi naitika "Falonne." Mama infirmière akanipima, akaandika nimerefuka santimita kumi na moja, wala hakushtuka. Bantu ba akili namna hii njo banatufungia mulango!

Lakini ku cheti ya mutoto, mama ni Falonne. Jana Falonne alikuya na ile cheti ku mukono. Alileta nguo alizoshona zamani, akamuvalisha mutoto, kisha akaniuliza atanyonya mpaka lini.

Mudogo wako,
Aicha, mama ya mutoto