Kifua cha Baba Si Maonyesho

Jumanne. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na hasira imenikaza taya hadi meno yananiuma.

Wewe unayesoma, nakusihi, haya yabaki kwako. Usimsomee mtu, usimtumie mtu. Ukoo wetu wa Nyakisasa una simu nyingi na midomo mingi zaidi, nami ni karani mdogo wa kata, naogopa hata kukohoa mbele ya wakubwa.

Baba alirudi kutoka kupasuliwa moyo akiwa anatembea mwenyewe. Walimkata mfupa wa kifua, wakachukua mshipa wa mguuni kuipa damu njia mpya, kisha mfupa wakaufunga kwa waya. Daktari alituonya: ana sukari, vijidudu vikiingia kidondani vitashuka hadi mfupani. Kisiguswe. Kikae kikavu.

Akaja baba mkubwa, kaka yake.

Kila mgeni aliyeleta pole alifunguliwa shati la baba. Baba mkubwa alibandua bandeji kwa vidole vyenye utomvu wa ndizi. "Gusa, shemeji! Waya huu hapa! Mdogo wangu sasa ni ua la seng'enge, kifo hakiruki!" Wakacheka, wakagusa, wakarudi kwenye pombe. Nilimwambia baba mkubwa kwamba daktari amekataza. Akanijibu: "Huyo daktari amezaliwa naye tumbo moja?"

Jumamosi baba akawaka homa. Usaha ulitoka katikati ya mshono, na akipumua mfupa ulilia kidogo, kama bawaba ya mlango.

Sasa yuko wodini, anasafishwa kidonda, anachomwa dawa. Muuguzi anataka waingie wachache, walionawa. Akauliza nani atakaa mlangoni.

Nikasema mimi, haraka mno.

Leo baba mkubwa amefika na watu wake na jogoo. Nikampa shikamoo kwa magoti yote mawili. Kisha nikamnawisha mbele yao: sabuni, kucha, hadi kiwikoni.

"Bado, baba mkubwa. Rudia."

Akarudia, na jogoo akiwa ameshikwa na shemeji yake aliyekuwa anaficha kicheko. Alipomaliza, nikamwambia nafasi imejaa.

Nikarudi kwenye benchi langu. Utamu wake!

Kesho nitamnawisha tena. Baba akipona, huenda nikachoka. Asipopona, nitasimama matangani nitaje vidole vilikuwa vya nani.

Ukinihitaji, usipige simu wala usiulize ofisini. Ingia lango la hospitali, fuata baraza hadi benchi la mwisho, penye ndoo ya koki na kipande cha sabuni.

Usinisalimie kwanza. Nawa.