Shemeji Hamisi Amehamia Kaunti Yetu

Baba Zuhura,

Yasini yako nimekwisha kuisoma leo asubuhi. Haya ni mambo mengine, ya kriketi, ambayo nikimwambia mtu hapa mjini Richardson ataona msiba umenivuruga akili.

Msimu unaanza mwezi ujao. Wewe ungekuwa umeshaanza kulalamika. Kaunti yetu, ile timu yako ya Uingereza, imesajili mrushaji mpya wa kasi na mtandao mzima unamsifu. Nimezitazama video zake. Zinaonyesha wiketi tu: vijiti vinaruka, watu wanakumbatiana. Mbona hawaonyeshi siku mipira yake ilipopigwa mbali? Tena mwaka huu kuna Kombe la Dunia la kriketi, wapigaji wetu wazuri huenda wakachukuliwa na timu za taifa, na klabu inasema eti tuna kikosi kipana. Kikosi kipana! Ulikuwa ukisema, "Wakianza kujisifu kabla ya Aprili, ujue kuna mtu anaumwa goti." Basi mimi nimeshaanza kumtafuta huyo mwenye goti.

Umeniharibu, wewe. Nilikuja nchi hii sijui hata kriketi inachezwa na watu wangapi. Ukaniamsha kabla ya alfajiri, maana huko Uingereza jua lilikuwa limeshapanda, ukanikalisha na chai ya tangawizi nisikilize mechi ya siku nne, ikaisha sare. Nikakuuliza, siku zote hizo na hakuna aliyeshinda? Ukacheka mpaka chai ikakumwagikia kikoini. Ulisoma huko Uingereza, mjini kwa timu hiyo, miaka miwili tu, ukaipenda maisha yako yote.

Sasa kuna jambo la Hamisi.

Unamjua rafiki yako wa Houston, shabiki wa ile kaunti ya kaskazini. Kila Jumamosi ya msimu alikuwa akikupigia simu mtukanane, mpaka mimi natoka sebuleni. Nilipokuwa edani hakupiga hata mara moja. Salamu alizipitisha kwa Zuhura, kwa adabu. Eda ikaisha. Haikupita wiki, simu.

"Shemeji, hujambo? Shemeji, msimu umekaribia."

Wiki iliyofuata, tena. Halafu akasema neno lililonifanya niweke mwiko chini. "Shemeji, mwaka huu nime-change timu. Niko na nyinyi. Naweza kuja Richardson siku ya kwanza, tuangalie pamoja."

Mwanamume aliyeachana na mkewe tangu Zuhura yuko shule ya msingi. Mjane ndiyo kwanza katoka eda. Na ghafla anaipenda timu ya mjane! Wewe ungefikiri nini? Nikaanza kumchunguza. Nikamwuliza wapigaji wetu wa kufungua mchezo ni akina nani. Akawataja, tena kwa yale majina ya utani uliyowapa wewe. Ndipo nikazidi kuogopa. Nikasema, huyu amesomea.

Nikamweleza Zuhura, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba nimwulize tu mwenyewe. Jumamosi tukaingia garini, tukaenda Houston. Njia nzima natunga maneno.

Hamisi akatufungulia mlango amevaa kanzu iliyopigwa pasi, nyumba inanukia udi, biriani iko jikoni. Mtu anaishi peke yake, udi anamfukizia nani? Sikuketi hata kidogo.

"Shemeji Hamisi, unataka nini kwangu?"

Akasimama na sahani mkononi. Zuhura akajifanya anasoma simu yake. Hamisi akakaa taratibu, kama mtu anayeumwa mgongo.

"Mama Zuhura, mimi ile kaunti ya kaskazini sikuwahi kuipenda. Hata mjini kwenyewe sijafika. Siku ya kwanza kukutana na mumeo, msikitini, aliringa na timu yake mpaka nikaona huyu lazima apate mpinzani. Nikataja jina la kwanza lililonijia. Basi ikabidi niendelee nalo. Sasa timu yenu ikipigwa nitamcheka nani? Nitampigia nani simu?"

Alifuta macho kwa mkono wa kanzu. Na mimi nililia, Baba Zuhura, sikufichi. Miaka yote hiyo. Kelele zote zile. Na wewe ulikuwa ukikata simu unatabasamu, unasema, "Yule mtu hajui kitu." Kumbe kweli alikuwa hajui kitu! Alijifunza kwa ajili yako.

Nikamwambia, "Rudi kwenye kaunti yako. Ukihamia kwetu, mimi nitagombana na nani?"

Akanitazama kwanza, kama hakusikia vizuri. Halafu akacheka. "Basi mtapigwa ndani ya siku tatu."

Nikamjibu vile ulivyokuwa ukimjibu wewe. Maneno yenyewe siyaandiki hapa, Zuhura alishtuka ya kutosha.

Tukala. Biriani haikuwa mbaya, ila chumvi ilizidi. Nimeyaamini aliyosema, karibu yote. Lakini ile kanzu ilikuwa mpya, na kuhusu udi hakueleza, na mimi sikuuliza mara ya pili. Wakati wa kurudi Zuhura akaniuliza kwa nini natabasamu. Nikamwambia sitabasamu.

Nakuaga hapa, baba. Mola akupe nuru na nafasi huko uliko. Mechi ya kwanza Hamisi ataisikiliza kwake Houston, na matusi yatapita kwenye simu. Sebuleni kwako hajaingia. Nakuahidi, siku nitakayomfungulia mlango, kama siku hiyo ipo, nitakwambia wewe kabla ya Zuhura.

Mkeo,
Mama Zuhura